Kusubiri Injini Ipoe

Leo boti yetu imerudi pwani ikinuka mpira ulioungua. Mdogo wangu, niliyemlea tangu tulipobaki wenyewe, alishachota ndoo ya maji kuimwagia injini. Nikamshika mkono.

Harufu hiyo niliijua siku tulipokuwa tukimpeleka mama hospitali Kilwa Masoko kutoka kisiwani. Alilala mkekani, kichwa chake mapajani mwangu, homa imemkaba. Katikati ya njia bomba la nyuma likaacha kutema maji yanayopoza injini, likaanza kutoa mvuke. Baba akazima injini, akajitosa, akaibuka na kamba ya shamba la mwani iliyokuwa imeziba tundu la kuvutia maji.

"Basi washa," akasema bibi, mama yake baba, aliyekaa miguuni mwa mama.

"Bado ya moto, mama."

"Imwagie maji. Mkeo anakwisha."

"Nikiimwagia itapasuka, na hapa hatutoki."

Tukasubiri. Jua lilikuwa kali, na mkondo ukaanza kuturudisha tulikotoka. Baba aliweka kiganja juu ya chuma, akakiondoa, akapuliza vidole, akakiweka tena. Bibi alimtazama kila mara, na baba akatikisa kichwa: bado.

Mama akafumbua macho. "Baba Mwana," akasema taratibu, "hiyo injini unaiuguza kuliko mimi."

Hakuna aliyecheka. Baba akaondoa kiganja kwenye chuma, akaja akakiweka kwenye paji la uso la mama. Kisha akaenda kuiwasha injini bila kuigusa tena. Ikawaka, na bibi hakumwuliza kama imepoa.