Kibodi Isiyo na Sauti

Wiki jana nilizunguka Eldoret nzima nikitafuta kibodi. Kazi yangu ni kuandika vitabu vya shule, kutwa nzima, na ile ya zamani ilikuwa imeanza kuniumiza viganja. Tena ilikuwa na makelele. Katika duka la tatu, mama muuzaji alinitolea moja baada ya nyingine nizijaribu. Nilipobonyeza ya kwanza ikalia ta-ta-ta, na hapo hapo nikawa na miaka tisa tena, nimeketi kwenye kigoda kando ya mashine ya taipu ya mama.

Kama ulikulia hapa, utazikumbuka zile ofisi ndogo za kupiga taipu karibu na korti. Mama alikuwa na meza yake humo, na wakati wa likizo nilishinda naye. Kazi yangu ilikuwa kupanga karatasi: nyeupe, kaboni, nyeupe, upande wa wino ukitazama chini. Kufikia saa nne vidole vyangu vilikuwa vyeusi, na mandazi ya jirani yetu muuza chai niliyala hivyo hivyo. Mashine iligonga, kengele ikalia mwisho wa mstari, mama akairudisha mashine mwanzo wa mstari bila hata kuitazama. Niliipenda sauti ile kuliko redio. Niliamini mtu anayefanya kazi kwa kelele namna hiyo hawezi kuwa na siri.

Likizo ya Agosti, siku moja, nilimpangia karatasi kama kawaida. Akaandika polepole, jambo ambalo halikuwa desturi yake. Nikamuuliza barua ni ya nani.

"Ni barua ya watu tu," akasema.

Ilikuwa ya Kiingereza, na Kiingereza changu kilikuwa cha kumsalimia mwalimu.

Jumamosi alinipeleka Ainabkoi kwa dada yake, mama mkubwa. Wiki mbili tu, aliniambia. Shule zikafunguliwa, mama hakuja, na mama mkubwa akanishonea sare mpya. Nililia darasani mpaka mwalimu mkuu akaniita ofisini, akafungua faili.

"Sasa unalia nini na ni wewe uliomba kuhamia huku?"

Akanifasiria barua ya Kiingereza iliyokuwa humo, mstari kwa mstari. Mtoto ameomba mwenyewe. Mtoto anapenda kuishi huku. Pembeni mwa karatasi palikuwa na alama nyeusi ya kidole changu.

Baadaye nilijua mama alikuwa anaolewa, na bwana hakutaka mtoto wa nje. Hilo ningekuja kulielewa. Lakini kuniandika kwamba nimeomba mwenyewe kufukuzwa, tena kwa kaboni niliyompangia mimi, huo ni usaliti. Nilikaa Ainabkoi miaka saba.

Zile ofisi hazipo tena, pale sasa wanauza simu. Yule bwana alishafariki, na mama anaishi nami mtaani Kapsoya, macho yake hayaoni. Barua ile hatujawahi kuitaja.

Nilinunua kibodi iliyo kimya kuliko zote, laini, hata viganja vimepona. Jana mchana nilikuwa nikiandika haya, mama ameketi kando yangu. Alitega sikio kwa muda, akauliza kama kweli ninafanya kazi, maana hasikii kitu, na kama ninaandika, ninaandika nini.

"Ni barua ya watu tu, mama."

Akaitikia kwa kichwa, akaridhika, kama nilivyoridhika mimi siku ile.