Mnong'ono wa Waruguru

Waruguru aliajiriwa katika kiwanda cha nguo huko Baba Dogo mwaka wa 1974. Mashine zilinguruma hivi kwamba hata kumsalimu jirani ilibidi upige kelele. Miaka ya themanini mitumba ikajaa sokoni, mashine zikazimwa moja baada ya nyingine, lakini Waruguru alikuwa ameshasahau kunong'ona.

Siku meneja alipowatangazia kwamba kiwanda kinafungwa, aliwalaumu Wakenya kwa kudharau nguo za kwao. Waruguru akamwinamia rafiki yake Lydiah, amnong'oneze.

"Na hiyo suti yake, si ni mtumba?"

Ukumbi mzima ulisikia. Meneja akajishika kola. Wafanyakazi walicheka hadi wakatokwa na machozi, na kicheko kilipokwisha, Waruguru akajikuta bado analia.