Kilo Mbili za Elieth

Mwaka 1998 nilimpima mjukuu wangu kwenye mizani ya mahindi, mbele ya wateja, siku tisa mfululizo.

Cheka tu. Mimi nimeshajicheka sana.

Nilikuwa na duka la nafaka Kizota. Mjukuu wangu Elieth, miaka kumi na mmoja, alikuwa amechaguliwa kuiwakilisha shule yake kwenye mbio za wilaya. Mtoto mfupi, kifua kipana, mapaja kama michi.

Nikampeleka yeye na binamu yake Fabian kwenye zahanati mpya ya mtu binafsi, wapimwe afya. Daktari kijana akapima uzito, akapima urefu, akagawanya, akatazama chati.

"Fabian yuko sawa. Huyu wa kike namba imezidi. Ana mafuta mengi."

"Mafuta? Kwangu tunakaangia kijiko kimoja!"

"Bibi, namba haidanganyi."

Mimi na darasa langu la nne tukaiogopa namba.

Jioni nikampa Elieth mboga ya mlenda na ugali wa kiganja kimoja. Uliobaki nikamhamishia Fabian, si ndiye aliyekuwa sawa?

"Bibi, nina njaa."

"Kitendawili!"

"Tega," akajibu kwa sauti ya mgonjwa.

"Kikipungua, tunafurahi."

"Chakula changu."

"Ebo! Kilo zako!"

Siku ya tisa zikawa zimepungua kilo mbili. Nikapiga vigelegele dukani, mteja mmoja akadhani mahindi yameshuka bei.

Siku hiyohiyo Elieth akaanguka mazoezini. Mwalimu Optatus wa michezo akampa nafasi yake msichana mwingine, Anyesi.

Nikakimbia na wajukuu wote wawili kwa jirani yangu Paskazia, nesi mstaafu. Akamfinya Elieth nyuma ya mkono. Ngozi tupu, na chini yake msuli. Akamfinya Fabian, aliyekuwa anatafuna karanga zake. Vidole vikajaa nyama laini.

"Bibi Elieth, mwenye mafuta ni huyu."

"Lakini namba yake ilikuwa sawa!"

"Namba inajua uzito. Haijui uzito huo ni wa nini. Wewe ukienda soko la Kibaigwa, unanunua gunia kwa mizani peke yake?"

"Thubutu! Nafungua, nang'ata punje. Mahindi yenye unyevu huwa mazito bure."

"Na huyu ulimng'ata wapi?"

Kumbe nilikuwa nashangilia miguu ya mtoto inavyoyeyuka, na chakula chake namlisha mwenye mafuta!

Nikamfuata Mwalimu Optatus nyumbani kwake mtaa wa Kikuyu, nikaungama yote. Alicheka hadi akavua miwani.

"Haya, Bibi. Jumatatu ashindane na Anyesi. Atakayeshinda ndiye anakwenda."

Siku nne nilipika ugali, maharage na mayai kama mwenye harusi.

Jumatatu Elieth akashindwa kwa hatua moja.

Hatua ile nilimnyang'anya mimi. Nikalia mbele ya shule nzima, kanga usoni, hadi yeye ndiye akaja kunibembeleza.

"Basi, Bibi. Mwakani."

Mwakani kweli alikwenda. Mzito kuliko mwanzo, na akarudi wa kwanza.

Wenye watoto, nawaambia: ile namba ya uzito na urefu ikufanye uulize zaidi, isiwe hukumu. Mtazame mtoto anavyocheza, anavyochoka, anavyokula. Tafuta anayejua watoto amwangalie, ndipo uguse sahani yake.

Elieth sasa ana watoto wawili. Nikimtembelea huniuliza, "Bibi, umeshiba?"

Nikisema ndiyo, ananiongezea.