Bibi Alivyoonja Soda Yangu

Juzi niliingia peke yangu kwenye resto moja ya Kacyiru, hapa Kigali. Mhudumu akafungua divai, akanimiminia kidogo, akasimama kungoja nionje. Nikamkumbuka bibi yangu.

Nilikuwa mtoto. Dada yangu alikuwa amepata kazi, baba akatupeleka wote kusherehekea kwenye resto ya divai pale Niboye. Harufu ya brosheti, ile mishkaki ya mbuzi, ilikuwa inaweza kumfufua mbuzi mwenyewe! Kizibo kikalia paa, mbwa wa mtaa mzima wakabweka. Mhudumu akampa baba aonje. Bibi akaruka.

"We kijana! Kwetu anayetoa kinywaji ndiye anaonja kwanza, mgeni ajue hakina sumu. Kunywa!"

Mhudumu akacheka, akanywa. Halafu bibi akakamata soda yangu, akavuta, chupa ikabaki nusu. Nikalia mpaka mvua ya Kigali ikaona haya.

"Bibi mwizi!"

"Nyamaza, mwana wanjye, mwanangu. Nikianguka, wewe usinywe."

Mimi nikajua ni uroho tu.

Juzi niliionja ile divai, nikasema iko sawa. Kisha nikaagiza na soda. Ikakaa mbele yangu, imejaa mpaka shingoni, hakuna mtu wa kunipunguzia.