Randa Iliyosingiziwa Ugonjwa

Katika ofisi ya kumbukumbu za wagonjwa, ambako mafaili yamepangwa mpaka yameziba nusu ya dirisha, kuna karani mmoja ambaye nywele zake huwa na unga wa mbao Jumatatu hadi Ijumaa. Anakung'uta, anachana, anafunga kitambaa, wapi! Wenzake wakamwita Mama Vumbi, naye akaitikia bila kinyongo.

Useremala haukuwa kazi yake. Ulianza na droo. Droo ya kabati la nyumbani iling'oka uso, akampelekea fundi, fundi akasema njoo kesho. Kesho ikazaa kesho, mwezi ukakatika. Mwisho Mama Vumbi aliichukua droo yake kwa hasira, akanunua gundi, akaibana kwa kuiwekea ndoo mbili za maji juu, na asubuhi ikateleza ndani ya kabati kama ulimi mdomoni. Akaifungua na kuifunga mara kumi na moja. Mumewe, fundi cherehani anayefanyia kazi sebuleni, ndiye aliyehesabu.

"Mke wangu, hiyo droo imekukosea nini?"

"Niache, baba. Nafurahi."

Basi akawa amenasa. Jioni akitoka kazini anavua viatu, anaingia uani, anashika ubao. Kikatoka kigoda, ikatoka rafu, zikatoka stuli tatu na hakuna hata moja inayoyumba. Mumewe akawa anawaambia wateja, "Mimi nilioa karani. Sasa naishi na msumeno."

Nyuma ya duka la kinyozi mmoja palikuwa na kibanda cha mabati, na humo, kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, walikutana watu saba wenye ugonjwa huo huo. Hakuna hata mmoja aliyekuwa seremala wa kweli. Kinyozi mwenyewe alikuwa akitengeneza vizimba vya kuku. Dereva wa gari la wagonjwa alikuwa na mlango mmoja aliouanza miaka mitatu nyuma. Walikuja kubadilishana zana kuukuu, na pesa ilikuwa mwiko mezani. Unaweka patasi yako, mwenzio anaweka msumeno wake, mkikubaliana mnapeana mikono. Lakini kabla ya mikono, kila mmoja lazima ataje kidonda. Yaani aseme mbele ya wote ubovu wa kile anachokitoa. Huu msumeno una jino limevunjika. Hii nyundo mpini unacheza. Ukishataja, hakuna anayekagua tena, maana kumkagua mtu aliyetaja kidonda ni kumwita mwongo mbele ya watu. Hiyo ndiyo sheria pekee waliyokuwa nayo, na waliipenda pengine kuliko zana zenyewe.

Aliyeipenda zaidi ni Kipimo. Huyu alikuwa msoma mita za maji mpaka alipostaafu, na futi ya kukunja haikukauka mfukoni mwake. Alimpima hata mbwa wa kinyozi, akatangaza urefu wake pamoja na mkia. Kazi yake kikundini ilikuwa kunoa. Wote walimpelekea randa na patasi zao, naye alizinoa, visu vya randa akavifunga mwenyewe mahali pake, akazirudisha zikinyoa malaika ya mkono. Ikawa desturi: kisu kilichofungwa na Kipimo hakifunguliwi. Kukifungua kungekuwa kama kuonja chumvi kwenye chungu cha mama mkwe mbele ya macho yake.

Kipimo na Mama Vumbi waliitana kaka na dada. Siku ambayo mumewe Mama Vumbi alilazwa kwa ajili ya figo, Kipimo ndiye aliyekaa naye kwenye benchi la wodi kutwa nzima, akipima vigae vya sakafu ili amchekeshe. Mtu wa namna hiyo humfikirii vibaya. Utamfikiriaje?

Sasa, randa. Mama Vumbi aliipata kwa muuza vyuma chakavu, kwa kubadilishana na stuli. Ilikuwa donge la kutu, huoni hata kisu kiko wapi. Wiki nne aliisugua kwa mafuta ya taa na msasa, kila jioni kidogo, mpaka chuma kikaanza kurudisha mwanga. Chini ya kutu kulikuwa na randa nzito, ndefu kama mkono kuanzia kiwiko, ya wale watengenezaji wa zamani ambao hawakuwa na haraka. Alipoipitisha kwenye ubao mara ya kwanza, maranda yalitoka marefu na mepesi kama ganda la kitunguu, yakajikunja yenyewe. Jumamosi iliyofuata kibanda kizima kilishika zamu kuijaribu. Kipimo aliishika mara mbili. Alipoirudisha alisema, "Dada, hii umeokota mtoto wa mfalme jalalani."

Mwezi huo huo habari zikaja kwamba mama yake Mama Vumbi anahamia kwao. Bibi magoti yalikuwa yamechoka, na alihitaji kitanda kifupi, chenye mhimili pembeni wa kujishikia anapoinuka. "Kitanda cha mama yangu simpi mtu," Mama Vumbi alisema. Akanunua mbao, akazipanga uani, akampelekea Kipimo randa ainoe kisu, maana kazi kama hiyo haianzwi na kisu kichovu.

Randa iliporudi, haikuwa ile. Ilirukaruka. Ilinyofoa ubao vipande kama paka anayekwaruza mkeka. Mama Vumbi akageuza ubao, akageuza mkono, akapunguza nguvu, akaongeza. Mbao mbili nzuri zikaharibika. Hakukifungua kisu. Alichokishuku ni mikono yake.

Akairudisha kwa Kipimo. Kipimo akaipindua randa tumbo juu, akatoa rula ya chuma, akaisimamisha juu yake, akavinyanyua vyote viwili kuelekea dirishani.

"Chungulia, dada."

Mwanga ulikuwa unapita katikati, mwembamba, lakini unapita.

"Tumbo limepinda," alisema Kipimo kwa huzuni. "Ni kutu ya miaka mingi. Na mikono nayo, dada yangu, tusidanganyane. Chuma kizito hiki kinataka kifua cha mwanamume. Mpe mtu asiye na haraka, aikarabati pole pole."

"Nani ataitaka?"

Akafikiri kidogo. "Basi mimi nitakutua mzigo. Nina patasi tatu."

Jumamosi, mbele ya watu wote, Mama Vumbi aliweka randa mezani na kutaja kidonda kwa sauti iliyo wazi: inaruka, tumbo limepinda, haifai kazi safi. Hakuna aliyeikagua. Kinyozi alimsifu Kipimo kwa moyo wake. Mama Vumbi naye aliona amesaidiwa, hata akamchongea Kipimo sinia la mbao la shukrani, lenye vishikio viwili.

Bibi alifika na kulala kwenye godoro chini. Kila asubuhi Mama Vumbi na mumewe walimwinua, mmoja huku, mmoja kule, naye akicheka, "Nyie mnanivuta kama gunia la mkaa!" Mama Vumbi alicheka pia. Lakini mbao zilikuwa zimeegemea ukuta wa uani, na alikuwa akipita karibu nazo bila kuzitazama. Mwezi wa pili ukaingia. Ndipo akameza aibu yake na kwenda kwa Kipimo kumwomba amalizie kitanda, kwa kuwa yeye mikono imemshinda.

Kipimo hakuwepo. Mkewe alimpokea kwa furaha. "Karibu, wifi! Kaka yako kaenda dukani, hachelewi. Kaa hapo hapo barazani, ndani kumejaa takataka zake."

Takataka zenyewe zilionekana kupitia mlango uliokuwa wazi: maranda, lundo zima pembeni ya meza ya kazi, marefu, mepesi, yamejikunja. Mama Vumbi aliyajua kabla hajaiona randa. Ilikuwa juu ya meza, imefutwa mafuta, inang'aa.

"Kumbe imepona?" aliuliza.

"Ile randa yako? Mbona siku ile ile!" Mkewe Kipimo alikuwa akimimina chai, hana habari. "Alifungua tu ile skrubu, akasogeza kibati kinachobana kisu, akakirudisha mbele kilipokuwa. Dakika mbili. Akapiga ubao mmoja, akacheka peke yake kama mwehu. Nikamwambia, leo umeokota nini wewe?"

Chai ililetwa juu ya sinia lenye vishikio viwili.

Mama Vumbi hakuinywa. Macho yake yalikuwa kwenye kopo la rangi chini ya meza, na rula ya chuma iliyochomekwa humo.

"Na hiyo rula?"

"Hiyo? Ya kukorogea rangi na kukwangulia makopo. Imelika katikati siku nyingi, haipimi hata uji."

Mama Vumbi aliingia ndani, akaichomoa, akaifuta kwa kanga yake, akaisimamisha juu ya tumbo la randa. Mwanga ukapita. Akaigeuza rula ukingo wa pili, ule usiolika, akaisimamisha tena. Giza. Hata unywele usingepenya.

Alibaki ameinama hivyo mpaka kivuli cha Kipimo kilipofika mlangoni, naye Kipimo akaona kilichoko mkononi mwake. Alimwambia tu mkewe, "Hebu tuachie nafasi kidogo."

"Ungeniomba, kaka," Mama Vumbi alisema. "Ungeniomba, ningekupa siku tatu za wiki. Ningekupa nne."

"Dada, sikiliza..."

"Uliniambia mikono yangu mibovu."

"Sikusema mibovu."

"Mama yangu analala chini."

Kipimo akakaa, akaitoa ile futi ya kukunja, akaanza kuifungua na kuifunga. "Wewe unajifurahisha tu," alisema mwisho, polepole. "Una ofisi, una mume. Mimi nimestaafu, sina kingine. Niliiona ile randa nikasema, kwa huyu inapotea. Nilikosa. Ichukue. Chukua na patasi, zote. Ila mambo ya kikundi tuyaache, dada. Miaka tisa nimewanolea wale watu."

"Siichukui hapa. Mimi niliitoa mbele ya watu, kwa mdomo wangu mwenyewe nikaisingizia. Jumamosi uilete mezani, utaje kidonda cha kweli."

"Nitasema."

"Kwa mdomo wako?"

"Kwa mdomo wangu, haki ya Mungu."

Na hapo ndipo Mama Vumbi alipokosea tena, kwa sababu alimwamini. Mtu akishakaa na wewe benchi moja la wodi, kuacha kumwamini si jambo la siku moja.

Jumamosi ilipofika, Kipimo aliweka randa mezani na kusimama. "Ndugu zangu, mnaikumbuka hii maiti? Nimeisugua tumbo miezi miwili, usiku na mchana, mpaka imenyooka. Sasa najua mama yetu huyu ana kitanda cha mzazi wake. Nimeona si uungwana kukaa nayo. Namrudishia mwenyewe, bure, patasi abaki nazo."

Makofi! Dereva alipiga mbinja. Kinyozi akapangusa jicho.

Mama Vumbi aliyasubiri makofi yaishe. Kisha akasimama, akawaeleza: kisu, kibati, rula, chai. Hakupandisha sauti. Alieleza kama anavyosoma faili la mgonjwa, tarehe kwa tarehe. Alipomaliza, Kipimo alikuwa anatazama miguu yake.

"Dereva," Mama Vumbi alisema, "wewe ulinisikia siku ile nikitaja kidonda. Nilitaja uongo bila kujua. Semeni basi."

Dereva aliinamisha macho. Mapajani alikuwa na randa yake, imefungwa gazeti, alikuja nayo Kipimo ainoe kisu. Mama Vumbi akatazama huku na huku, akaona vifurushi vingine viwili vya magazeti mapajani mwa wenzake. Kinyozi alikohoa.

"Mama Vumbi, mwenzetu amekosea, sawa, binadamu. Lakini randa si hiyo hapo? Tusiiharibu Jumamosi."

"Mimi ndiye ninayeiharibu?"

"Sijasema hivyo. Nasema tu... mambo mengine ni ya kumaliza nyumbani."

Kipimo angeweza kumwomba msamaha, na Mama Vumbi angelia hapo hapo, yakaisha. Lakini alipoona upepo uko upande wake, alinyanyua kichwa na kusema kwa upole, "Nimekusamehe, dada."

Mama Vumbi akaichukua randa. Akaziweka patasi tatu mezani, moja moja. Akaondoka, na tangu siku hiyo hajaingia tena kwenye kibanda kile. Akienda sokoni huzunguka barabara ya nyuma, ambayo ni ndefu na ina matope, ili asipite mbele ya duka la kinyozi.

Alijifunza kunoa mwenyewe, kwenye jiwe, kwa kukosea. Alijikata kidole cha shahada, akanoa kisu upande mmoja zaidi ya mwingine, akaanza upya. Kitanda kilichukua wiki sita. Bibi alikilalia, akaushika mhimili, akainuka peke yake, akasimama katikati ya chumba kama mtu aliyeshinda kesi. "Nani alisema binti yangu ni karani?" alitamba.

Wote walicheka, na Mama Vumbi alicheka kuliko wote. Kisha akarudi uani, maana alikuwa amemwahidi meza ya pembeni ya kitanda. Mumewe alimfuata na kikombe cha chai, akamkuta amefunga kisu cha randa, amekaza skrubu, amechungulia chini yake kwa jicho moja. Akadhani sasa ataanza kazi. Badala yake akailegeza skrubu, akakitoa kisu, akakitazama, akakirudisha, akakaza. Akachungulia. Akailegeza tena.

"Kwani nani alikifunga?" mumewe aliuliza.

"Mimi."

"Lini?"

"Sasa hivi," alisema Mama Vumbi, na akakifungua tena.