Kidimbwi Chini ya Dirisha

Shemeji yangu ni mwashi wa matangi ya maji. Watu wanamwita Timazi, kwa sababu ile kamba yenye kipande cha chuma mwishoni, ya kupimia kama ukuta umesimama wima, haitoki mfukoni mwake hata akienda msibani. Akija kwangu hunyoosha kwanza kalenda iliyopinda ukutani, ndipo anaketi. Hakuna tangi lake lililowahi kuvuja. Hilo analisema mwenyewe, na hata wasiompenda hawalikani.

Alimwoa dada yangu mkubwa, ambaye mtaani walimwita Chiriku. Nyumbani kwetu maneno yote aliyachukua yeye, mimi nikaachiwa masikio. Nilipotafuta kibanda cha kunolea misumeno na visu, yeye ndiye aliyezungumza na mwenye eneo. Mimi nilisimama nyuma yake nimekumbatia jiwe la kunolea kama mtoto. Hata uchumba wangu aliusema yeye. Mke wangu hupenda kutania kwamba siku ile hakujua ni nani hasa anayemposa.

Kisha kiharusi kilimpiga dada upande wa kulia, kikaondoka na ulimi wake. Lilibaki neno moja moja, nalo lilitoka kwa taabu kama maji ya bomba lenye kutu.

Timazi alikisogeza kitanda cha mkewe dirishani. Lakini dirishani kulikuwa na nini cha kutazama? Zamani nyuma ya nyumba palikuwa na kinamasi chenye matete, na asubuhi ndege walipiga kelele mpaka dada akalazimika kupaza sauti ili awashinde. Kinamasi kilijazwa kifusi, likajengwa ghala. Ikabaki bustani yao ndogo, mchungwa mmoja, na ukuta wa ghala. Dada alianza kugeuka upande wa pili, uso ukutani, na chakula akawa anakionja tu. Mama wa pasi, jirani yao anayepiga pasi nguo za watu barazani na kumwangalia dada mchana, alimwambia Timazi bila kuficha kwamba amewahi kuwauguza wawili, na mgonjwa akishauzoea ukuta, harudi.

Jumapili moja nilikuwa nimeketi pembeni ya kitanda, dada akatazama nje na kusema, "Ndege."

Timazi alikuwa anamlisha uji. Aliweka kijiko chini. "Nitawaita," akasema.

Kesho yake alianza kuchimba chini ya dirisha. Kidimbwi, alisema, kisichozidi ukubwa wa mlango, ili ndege na wadudu wapate maji, na mke wake apate cha kutazama. Alichimba kama anavyochimba tangi: pembe nne, kuta wima, timazi ikining'inia kila upande. Mama wa pasi alichungulia juu ya ua, akamuuliza, "Fundi, kaburi hilo la nani?" Kisha akakumbuka dirisha liko wazi, akaingia ndani kwake na pasi yake mkononi. Siku hiyo hakusikika tena.

Kuta Timazi alizipiga lipu, juu yake akapaka niru, ile saruji tupu iliyokorogwa na maji, akaisugua kwa mwiko mpaka ikang'aa kama sahani. Alijaza maji, akayamwaga, akajaza tena na kuyamwaga tena ili ukali wa saruji utoke. Aliweka matete kwenye chungu kilichopasuka, akakizamisha katikati. Alipomaliza alisimama anafuta mikono, na nilijua kwamba miongoni mwa kazi zake zote, hii ndiyo aliyoipenda zaidi.

Kerengende ndio waliotangulia. Baadaye njiwa alitua ukingoni, akanyoosha shingo, maji yakawa mbali, akaondoka. Mvua ilipokijaza kidimbwi mpaka juu alirudi akanywa. Dada alimtazama tangu alipotua mpaka aliporuka, na siku hiyo alimaliza kikombe cha uji. Timazi alinipigia simu kazini kuniambia tu hilo la kikombe. Mtu mwenyewe simu huwa anapiga akifiwa tu.

Wakati wa mvua maji yalikuwa juu. Jua liliporudi yalishuka, na ukuta wa niru ukabaki wazi juu yake.

Asubuhi moja Timazi aliondoka alfajiri kwenda kazini, bado giza. Usiku huo kalunguyeye alikuwa ametumbukia kidimbwini. Kulipopambazuka dada alimwona. Yule mnyama mdogo wa miiba aliogelea akizunguka, anafika ukutani, anakwangua kwa kucha, anateleza, anazunguka tena. Dada hakuweza kuinuka, wala kuita. Alikuwa na mkono wa kushoto tu, na kwa mkono huo alipiga fremu ya dirisha. Mama wa pasi alipoleta uji alimkuta angali anapiga, vifundo vya vidole vimechubuka na damu imepakaa kiooni. Alikimbia nje. Kalunguyeye alikuwa ameshazama.

Jioni nilipita baada ya kazi. Timazi alikuwa anamfunga dada kitambaa mkononi na kumuuliza kwa upole kama anaumwa. Dada alihangaika sana na mdomo wake. Tulisubiri.

"Hana," alisema. Halafu baada ya muda, "pa kutokea."

Aligeuza uso ukutani, na mkono uliofungwa ukaonyesha pazia. Timazi akalifunga.

Tulitoka nje. Alipiga magoti, akaingiza mkono kidimbwini na kupapasa ukuta kutoka chini mpaka juu. "Hata ukucha hauingii," alisema. Siku nyingine yoyote angelisema hilo kwa majivuno.

Nilipofika Jumapili alikuwa amesimama pale na nyundo kubwa, maji ameshayatoa. Inaonekana alikuwa amesimama muda mrefu. Hajawahi kuvunja ukuta wake. "Shemeji, piga wewe," aliniambia, akatazama mchungwa, kama mtu anayeng'olewa jino. Nikapiga. Niru yake ilikuwa ngumu, ikanitoa jasho, na kila pigo yeye alikunja bega.

Tulibomoa upande mmoja wote, tukatengeneza mteremko wa udongo wa mfinyanzi uliopondwa, wenye mawe yaliyokaa yanavyotaka. Hapo mwashi alipotea. Alitoa timazi, akaining'iniza juu ya mteremko, akairudisha mfukoni.

"Huu nitaupimaje?"

Mimi si mtu wa kushauri mafundi. Lakini nilimwambia atembeze vidole kama mnyama aliyelowa na kuchoka. Alipiga magoti, akavitembeza vidole viwili kutoka chini kuja juu, na palipokuwa pagumu kupanda aliongeza jiwe. Mchana wote tulikaa hivyo, watu wazima wawili na ndevu zetu, tukitembeza vidole kwenye matope.

Lakini udongo haukushikana vizuri na saruji ya zamani. Kidimbwi kilivuja. Kila jioni maji yalikuwa yameshuka, na kila jioni Timazi aliyaongeza kwa ndoo. "Fundi wa matangi," mama wa pasi alimwambia, "safari hii umejenga chujio." Alicheka kidogo ili naye acheke. Timazi alijaza ndoo nyingine.

Tulifungua pazia. Dada hakugeuka. Tulimwambia kwamba sasa pana njia, asiwe na wasiwasi. Hakugeuka. Uji ulirudi jikoni kama ulivyotoka.

Timazi hakuwa na maneno, na mimi sijawahi kuwa nayo. Lakini nilianza kupita kila siku nikitoka kibandani, ninaketi kati ya mgongo wa dada na dirisha, ninamwambia ninachokiona. Mwanzoni sauti yangu ilinitia aibu. Nilisema, njiwa wawili. Nilisema, mmoja anashuka kwa miguu, anaingia, anaoga. Nyuki yuko kwenye jiwe, anakunywa, ameondoka. Kisha nikawa ninaongeza na habari za misumeno, na za mteja aliyeniletea kisu cha siagi ninoe. Katika maisha yangu sijazungumza hivyo na mtu. Sikujua kama anasikia.

Mvua zilirudi, na siku ya pili vyura walianza kulia, kwanza mmoja, halafu wengi. Dada aligeuza kichwa. Ilimchukua muda. Alitazama mteremko, mawe, na maji yanayotikisika. Alinyoosha mkono wa kushoto, akagusa kioo, akauacha hapo. Timazi alikuwa mlangoni na bakuli. Hakusogea, nadhani aliogopa kwamba akisogea mkono utashuka.

Uji dada hakuugusa. Lakini ukutani hakurudi tena. Alifariki kabla mvua hazijakatika, akiwa ametazama nje.

Watoto wao walikuja kutoka mbali, wakazika, wakaondoka. Baada ya hapo Timazi aliniita, akanipeleka chini ya dirisha bila kusema ni nini. Kwenye udongo laini wa mteremko palikuwa na nyayo ndogo, za kucha, zinazoshuka majini. Pembeni yake palikuwa na nyingine, zinazopanda.

"Kaingia," alisema Timazi, "katoka."

Alikuwa anatazama dirisha, si nyayo. Pazia lilikuwa wazi, na kitanda kilikuwa bado mahali pake, kimetandikwa. Maji yalikuwa yameshuka tena. Alichukua ndoo akaenda bombani, nami nikachukua ile nyingine, nikamfuata.