Watoto Wawili, Jina Moja

Amefariki yule mama aliyeninyamazisha mbele ya kikao kizima, na mji wetu wa Kasongo ulimzika Ijumaa baada ya swala. Nilikwenda mazikoni kwa huzuni, nikarudi kichwa juu, na sababu yake ndiyo ninayotaka kuwasimulia leo. Wengi wenu mlimjua kama mpiga chapa wa duka la fotokopi. Kompyuta yake ilikuwa kuukuu, ya kuwashwa kwa umeme wa jua, na programu kubwa za mafundi wa kompyuta ziliikwamisha papo hapo. Basi akatumia kihariri kidogo cha maandishi matupu, cha kuhifadhia vipande vya msimbo, yaani maagizo ya kompyuta, na humo akajifundisha kuandika majaribio: mistari michache inayoiuliza programu swali, kisha inaangalia yenyewe kama jibu ni sahihi. Likiwa sahihi, inatokea rangi ya kijani; likikosewa, nyekundu. "Haiko kazi ya akili mingi," aliniambia siku moja. "Ni kazi ya mutu mwenye mashaka." Na mashaka, wallahi, alikuwa nayo!

Zoni ya afya, yaani ofisi inayosimamia zahanati zetu, ilipoletewa programu ya kuandikisha watoto wa chanjo, yeye akapewa kazi ya kuichunguza. Kwanza ilitumiwa katika eneo la Wamaza kwa majuma mawili. Huko wake wa ndugu wawili walikuwa wamejifungua siku moja, boma moja, miezi tisa kabla, na kila mmoja akampa mwanawe jina la babu aliyekuwa amefariki karibuni, kama tufanyavyo sote. Programu ikaona jina moja, boma moja, siku moja, ikadhani muuguzi ameandika mara mbili, ikafuta mtoto mmoja. Mama wa aliyefutwa alipofika zamu yake, yule mwingine alikuwa amekwisha kuchomwa sindano, basi akaambiwa wake ndiye aliyechomwa, arudi nyumbani. Surua ilikuwa tayari katika vijiji vya jirani. "Mutoto wangu iko hapa mu mugongo," alilia yule mama, "na mashini inasema haiko?"

Kikao cha kuipokea programu kikaitishwa Kasongo. Mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa nimekwisha kuandika makala ya kuisifu gazetini. Mhandisi wa programu, aliyetoka mbali, alipomaliza kueleza, mpiga chapa wetu akasimama na kompyuta yake mikononi. Nikamnong'oneza, "Mama, usitutie aibu mbele ya wageni." Akanijibu kwa sauti ya kusikiwa na wote: "Nyamaza, baba. Aibu ni ile ya kumurudisha ule mama." Chumba kikacheka, nami nikainama kama mwizi wa kuku. Akafungua kihariri chake, akaonyesha jaribio la mistari minane: andikisha watoto wawili wenye jina moja, boma moja, siku moja, hesabu lazima iwe wawili. Akaliendesha. Nyekundu. Mhandisi akasema, kwa adabu, "Hiyo ni kesi moja tu, mama. Tutaitengeneza baadaye." Naye: "Basi shika pikipiki sasa hivi, mwanangu, uende Wamaza, umuambie ule mama vile."

Mhandisi hakuwa mtu mbaya. Aliketi, akavua koti, akatengeneza hadi adhuhuri, jaribio likaendeshwa tena, na kijani ilipotokea wauguzi walipiga vigelegele hadi watu wa barabarani wakauliza ni arusi ya nani. Mgeni njoo, mwenyeji apone, tunasema. Siku ile mgeni naye alipona. Kesho yake sindano ilipelekwa Wamaza, na yule mtoto sasa anasoma shule, mtundu kupindukia, naambiwa.

Baada ya hapo mpiga chapa wetu aliongeza majaribio mengine: ya pacha, na ya watoto wa machimbo ya Salamabila wanaohama na baba zao kufuata dhahabu. Juma hili, siku nne tu baada ya maziko, mhandisi alileta toleo jipya la programu. Majaribio ya marehemu yakajiendesha yenyewe, na moja likawa jekundu: toleo lile lilikuwa limeanza kumfuta mmoja wa pacha. Toleo likarudishwa kutengenezwa kabla mama hata mmoja hajafukuzwa mlangoni. Mhandisi alinipigia simu akicheka na kulia pamoja: "Mama amenikatalia tena!"

Nilishangilia peke yangu ofisini. Basi, wasomaji wangu, mkiona kazi imekwisha na watu wanapiga makofi, ulizeni kwanza ni mtoto wa nani aliyeachwa nje. Na swali hilo liandikeni mahali, liulizwe hata siku ambayo ninyi hamtakuwapo.